Kuvuta Subira

Mwezi wa nane Boise haina anga.
Milima inaungua huko juu, leo siku ya kumi na moja,
na moshi umeshuka bondeni kama mgeni
asiyeuliza atalala wapi.
Kazini, kwenye ghala la vitunguu, tunafunga mlango mkubwa
na vumbi la maganda linabaki nasi ndani.

Machi walinipandisha mshahara: senti hamsini kwa saa.
Nilipokea kwa mikono miwili.
Aprili ikaja barua: kwa kuwa sasa unazo,
bima ya bure si yako tena. Ya mtoto inaendelea.
Senti hamsini.
Nimezipigia hesabu nyuma ya bahasha hiyohiyo:
kwa mwezi zinafika dola themanini,
na inhela yangu, dirishani kwa Darlene,
ni mia tatu na kumi na mbili.

Darlene si mbaya. Aliigeuza skrini nione mwenyewe,
akajaribu kuponi, akapiga simu, akashika simu dakika ishirini,
kisha akasema kwa Kiingereza jambo
ambalo mimi nililisikia kwa lugha yetu:
vuta subira.

Nikatoka nacheka mpaka kifua kikabana.
Maana tangu Aprili sivuti kingine.
Navuta siku zifike Ijumaa ya malipo,
navuta miguu ngazi tatu hadi mlangoni,
subira nimeivuta ikafika mapafuni
na haikufungua kitu.

Pumu, pumzi, pumziko:
lugha iliwaweka nyumba moja,
ungedhani wamekula sahani moja.
Mmoja tu ndiye hajawahi kulipa kodi.

Basi niseme. Nilianza kuiba.
Ya Asende hukaa bafuni, kwenye kikombe cha miswaki,
ya rangi ya chungwa, na nyuma ina kidirisha cha namba.
Akilala nafungulia maji yafunike sauti,
navuta mara mbili, nabana hewa, nahesabu kumi,
naufuta mdomo wa plastiki kwa pindo la fulana.
Mbili tu.
Mtoto hawezi kuona mbili.

Usiku wa kumi niliitazama namba vizuri.
Zake nne kwa siku, siku kumi na tano: sitini.
Zangu ishirini.
Katika mia na ishirini zingebaki arobaini.
Kidirisha kilisema hamsini na nne.

Nikaketi ukingoni mwa beseni.
Nikarudia kwa vidole, kama mtu wa darasa la pili.
Inhela haizai.
Mtu alikuwa anaacha.

Nilikwenda chumbani kwake bila kuwasha taa.
Miaka tisa, amelala mdomo wazi,
ngozi kati ya mbavu inazama na kurudi, inazama na kurudi,
na ndani kile kifilimbi chembamba ninachokijua
kwa kuwa nilimrithisha mimi.

"Umevuta jioni?"
"Nimevuta, mama." Bila kufungua macho,
upesi, kama jibu lililokuwa limelazwa chini ya mto.

"Asende."

Kimya. Kisha:
"Wewe una kazi. Mimi shule imefungwa."

Sikujua nimgombeze au nimbebe.
Nikamketisha, nikaiweka mdomoni mwake,
toa hewa yote, sasa, polepole,
na namba ikageuka hamsini na tatu,
hamsini na mbili.
Akaifuta kwa pindo la fulana yake,
hivyohivyo ninavyofanya mimi nikidhani sionwi,
akaninyooshea.

Nikamwambia lala.
Dirishani moshi ulikuwa umemeza taa ya barabara.
Mkono wake haukushuka.